Majivu ya Nguzo Yako

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia. Ulipokuwa hai, ukikasirika ulikuwa unageukia ukuta na kuniacha nimesimama mlangoni na salamu yangu, mpaka hasira iishe au mlenda uive, chochote kitakachotangulia. Leo una sababu ya kugeukia ukuta kweli kweli. Lakini nakuamkia, kwa sababu ndivyo ulivyonilea.

Nakuandikia nikiwa nje ya nyumba yetu hapa Kikuyu, nimekalia kinu nilichokilaza ubavu. Najua, ulinikataza kukalia kinu tangu nikiwa mdogo. Basi na hilo liongeze kwenye mzigo wangu. Karatasi nimepewa na Bwana Daktari, Mzungu ninayemtunzia kuku, ile iliyofungiwa chupa zake za dawa, na penseli ni ileile ya misheni uliyokuwa ukiicheka. Ulisema herufi zangu ni nyayo za kuku aliyepita juu ya unga. Kaka Ndahani amekaa pale zizini akijifanya anachonga mpini wa jembe, lakini ananitazama. Anajua namwandikia nani, na hajanicheka.

Sitakuzungusha. Siku zile za mwisho, ulipokuwa umelala karibu na jiko na pumzi zinakukatika, uliniomba mambo mawili. La kwanza, nguzo yako ya mpingo isitoke ndani ya nyumba hii. La pili, Mama Mdogo asikanyage tena ua huu. Nilikushika mkono nikasema ndiyo, Mama. Nikasema tena, maana ile ya kwanza hukuridhika nayo. Sasa nguzo nimeichoma, na Mama Mdogo yuko ndani anakoroga uji. Yote mawili nimeyavunja. Nina hatia, na siandiki ili uniambie kwamba sina.

Ila nataka uisikie kwangu, siyo kwa hao wanaopita kaburini kwako na kuni kichwani wakipiga soga.

Unakumbuka nguzo zile zilivyofika hapa. Tulipohama Hombolo ile miaka ya njaa, nyumba ya zamani tuliiacha imesimama. Baba alisema tutazirudia nguzo. Sisi huku Ugogo hatuachi mpingo mzuri ardhini. Mtu anahama, anajenga kwa miti ya kuazima azima, halafu anarudi kuchimbua nguzo za wazazi wake, kwa kuwa mti usioliwa na mchwa hauokotwi njiani. Baba akafa kabla hajarudi. Misimu ikapita, ile nyumba ikawa haina mbuzi, haina kuku, imebaki na mijusi tu. Ndipo Kaka alipokwenda na punda na vijana wa jirani, wakazileta.

Siku ile uliimba, Mama. Uliitambua nguzo yako kabla haijashushwa chini. Ukaifuta vumbi kwa kaniki yako, ukatuonyesha mahali palipolainika, usawa wa kifua cha mtu aliyepiga magoti. Hapo ulijishikilia ukimzaa Kaka. Hapo ulijishikilia ukinizaa mimi, na ukaongeza kwamba mimi nilikusumbua zaidi, kama kawaida yangu. Ukaagiza isimamishwe katika chumba chako cha ndani, ulimolala wewe na kuku wako. Zile nguzo fupi na fito nyeusi kwa uzee zikawa kichanja cha kuku. Ulilala ukiitazama. Hata ulipougua ulitaka uelekezwe upande ule.

Wakati ule kuku wako wengi walikuwa wapya. Ulikuwa umewapata kwa watu waliokuja na kambi za reli, kuku wa mbali, warefu wa miguu, unawasifia kutwa. Haukupita muda mrefu tangu nguzo zisimame, wakaanza kuugua. Naliona bado lile jogoo jekundu limesimama juani limefumba macho, mabawa yanaburuta chini, upanga wake wa kichwani umepauka. Wakawa wanakunywa maji kama waliotoka safari. Wakaharisha kijani. Kisha miguu ikawakataa, wakalala ubavu, na asubuhi tunaokota mizoga. Ulikuwa ukiwaokota mwenyewe, hukutaka nikusaidie. Niliona ulivyowabeba, mmoja mmoja, wala hukuwaburuta.

Na ndipo Mama Mdogo alipoingia chumbani mwako na majivu.

Niseme lipi juu ya Mama Mdogo Matika ambalo wewe hulijui? Baba alimwoa mimi nikiwa ninatambaa. Mlipika chungu kimoja. Alikuita dada, nawe ulimwita mwenzangu, na mkigombana mligombana juu ya chumvi, jioni yamekwisha. Kwao Kibaigwa kuku akijikunakuna hutiliwa majivu ya jiko kwenye kiota ajigaragaze, wadudu wamtoke. Kwetu majivu ya jiko lako huyapeleki alfajiri kwenye kitu cha mwenzio, na akifanya hivyo mtu, watu hawaulizi mara mbili. Ulimkuta ameinama, kigae cha majivu mkononi. Ukamwuliza anawafanyia nini kuku wako. Akajibu, "Wanawashwa, dada." Hakuongeza neno. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile uchache ule ulimponza.

Kuku wakazidi kufa. Ukawaita wazee na majirani, ukasimama uani, ukalitamka lile neno. Mchawi. Yeye akakuangalia wewe tu, hakuwaangalia wazee. Kisha akaingia ndani akatoka na mtungi wake na ngozi yake ya kulalia, akashika njia ya Kibaigwa. Ulisimama ukamtazama mpaka akapotea kwenye vichaka, halafu ukaingia ndani na siku nzima hukula. Sisi tulidhani ni hasira. Siku hizi nafikiri vingine.

Kilichotumaliza ni kwamba baada ya yeye kuondoka, wale kuku waliobaki walisimama. Wakataga, wakaatamia, vifaranga wengi wakakua, na huo ukawa ukoo wako mpya wa kuku uliokupa jina mpaka bomani. Ulisema, "Mnaona? Ametoka, kuku wamepona." Nani angekubishia? Hata mimi niliona.

Sasa sikiliza, Mama.

Baada ya kukuzika nilipata kazi. Mume wangu yuko kwenye reli huko mbele kuelekea Tabora, anarudi kwa nadra, na mimi sikutaka kukaa tu nikimtazamia. Yule Mjerumani, Bwana Daktari wa mifugo anayekuja kuwatazama ng'ombe wa minada, aliletewa kuku kutoka kwao. Weupe, wanene, wanatembea kama watu waliovaa nguo mpya. Akatafuta mtu wa kuwatunza. Watu wakamwambia, mchukue binti wa yule mama wa kuku wa Kikuyu. Kazi niliipata kwa jina lako. Nilijivuna, nakwambia, nilitembea kama wale kuku wenyewe.

Akataka banda lililoinuka juu ya ardhi. Miti mizuri hapa mjini hakuna, yote imekwenda kwenye reli na kwenye matanuri. Nikaja nyumbani, nikachukua nguzo fupi na fito kadhaa za kichanja chako, za mpingo uleule wa Hombolo. Kuku wako walikuwa wazima, nitashuku nini? Nikafikiri Mama angefurahi, mti wake unamkinga kuku wa Mzungu.

Wakaanza, Mama. Mabawa chini. Upanga umepauka. Kijani. Nilisimama mbele ya banda lile nikaitambua dalili moja moja, kwa sababu niliyaona haya nikiwa nyumbani kwako. Mpishi wa Bwana Daktari, ambaye alitaka kazi ile apewe mkewe, akasema mimi nimewapa kuku sumu. Askari akaanza kutaja mnyororo. Nilisema sijafanya kitu. Nilisema tena. Niliona nyuso zao na nikajua kwamba hata nikisema mpaka jua lizame, walikwisha kuamua. Nikakaa chini penye ukuta wa boma, na mtu niliyemkumbuka pale hukuwa wewe. Alikuwa Mama Mdogo na kigae chake.

Bwana Daktari alikuja akifoka, lakini ni mtu wa kutaka kuona kwa macho yake. Alimchoma sindano chini ya bawa kuku mmoja aliyekuwa bado anapumua, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, akakiweka chini ya hadubini yake, lile bomba la shaba la kuchungulilia vitu vidogo. Akachungulia muda mrefu. Kufoka kukamwisha. Akaniita nitazame. Mwanzo niliona kope zangu tu. Akanikamata kichogo akanielekeza kama anavyofanya kwa mbuzi, na ndipo nilipoviona. Vitu vyembamba vyembamba, vimejikunja kama ule waya wa shaba uliokuwa ukiuzungushia mkononi, ila hivi ni hai. Vinajinyonga, vinajinyosha, vinapita katikati ya damu kwa haraka ya ajabu, wala havina kichwa wala macho. "Hii ndiyo naua kuku," akasema kwa Kiswahili chake. Kisha akauliza, "Miti toka wapi?"

Alichukua shoka mwenyewe. Nguzo fupi ilipopasuka, ndani ya nyufa na chini ya maganda walikuwemo papasi, bapa, rangi ya udongo, wamebanana. Mchana hujificha humo, usiku hutoka kumnyonya kuku, alfajiri hurudi. Mtu akiamka haoni kitu. Bwana Daktari aliwafungia papasi wale pamoja na kuku mzima katika sanduku jipya ambalo halijawahi kulala kuku. Kuku yule akaugua kama wenzake, na damu yake ikawa imejaa vile vya kujikunja. Mpishi akarudi jikoni kwake. Askari akasahau mnyororo.

Nikamwuliza Bwana Daktari kama papasi anaweza kukaa ndani ya nguzo bila kula tangu watu wanahama mpaka wanarudi kuichimbua. Akasema anaweza, miaka, anangoja tu. Nikamwuliza juu ya kuku wanaopona. Akasema aliyepona damu yake imekwisha kumjua adui, haugui tena kwa urahisi. Nikamwuliza juu ya majivu. Akacheka, akasema majivu ni mazuri kwa chawa wa kuku, ila hayafiki ndani ya ufa. Alidhani nimependa elimu. Hakujua nauliza habari za nani.

Mama, mimi niliokolewa na tone la damu. Mama Mdogo hakuwa na wa kumchungulilia.

Bwana Daktari akaniamuru nichome kila mti wa Hombolo. Za bandani kwake nilichoma siku ileile. Nilipofika nyumbani nikaingia chumbani mwako, nikakaa mbele ya nguzo yako, na sikuweza. Nilipitisha kijiti kwenye ufa wake na papasi wakatoka. Pale pale ulipokuwa ukiegemeza kichwa. Nikafikiri, nitachoma fito zilizobaki, nitanyamaza, nguzo nitaikandika kwa udongo, jina la Mama litabaki zuri. Aliyetoka ametoka. Nilijiambia hivyo kutwa, na kesho yake pia, na nikapata usingizi, ndilo linaloniudhi sasa.

Halafu Kaka akakutana mnadani na mtu wa Kibaigwa. Mama Mdogo yuko hai, anaishi peke yake kwenye kijumba pembeni ya ua wa kaka zake. Lile neno lako lilimtangulia kufika. Hakuna anayepokea maji mkononi mwake. Watoto wakimwona wanafukuza kuku wao ndani. Mama Mdogo, aliyekuwa akitupakata sisi wote wawili goti hili na goti lile! Kaka alinisimulia huku anatazama chini, na mimi nikamwambia niliyoyaona kwenye hadubini. Kisha akasema, "Mama alituapisha." Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyeapa.

Nilikukasirikia siku ile. Nikwambie ukweli. Nilikwenda kaburini kwako nikakusema kwa sauti, mbele ya mbuzi wa watu. Mbona hukumwuliza neno la pili? Mliishi pamoja miaka yote ile, ungemwuliza tu, majivu ya nini, Matika? Nikarudi nyumbani nikalia, kwa sababu umekufa na sina haki ya kumgombeza mtu asiyeweza kunijibu.

Kaka zake Mama Mdogo walituma neno kwamba hawatamruhusu arudi kimya kimya kama mwizi aliyesamehewa. Neno lilitamkwa uani mbele ya watu, na litaondolewa uani mbele ya watu walewale, kwa kinywa cha aliyelitamka au cha mwanawe. Walikuwa na haki. Kwa hiyo nikawaita wazee na majirani. Nikasimama pale pale uliposimama. Nilikuwa nimeleta kipande cha nguzo fupi kilichopasuliwa, nikawaonyesha papasi. Nikasema, "Mama yangu alikosea. Kuku waliuawa na wadudu waliokuwa ndani ya nguzo zetu wenyewe. Mama Mdogo hakuua kitu."

Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Wazee walitikisa kichwa, wakauliza, wakapeana kile kipande mkono kwa mkono. Na mimi nikadhani yamekwisha. Lakini unawajua majirani zako. Mmoja nyuma akacheka, akasema, kumbe mchawi wa kuku alikuwa mwenye kuku! Wakacheka na wengine. Wengine wao waligaagaa chini siku ya mazishi yako. Nilikuwa nimemtoa mmoja shimoni nikamtumbukiza mwingine, na huyo mwingine ni mama yangu. Niliwafokea mpaka nikakauka koo. Niliwaambia ulikosea kama anavyokosea mtu aliyefiwa, hukukusudia. Wakanyamaza mbele yangu. Kisimani bado wanasema, nasikia. Hili ndilo sijui nilipeleke wapi, Mama. Haki ya Mama Mdogo nimeilipia kwa heshima yako, na hukuwepo kuulizwa.

Tulikwenda Kibaigwa mimi na Kaka na punda mmoja. Alikuwa anatwanga uwele peke yake. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini mgongo ni uleule ulionyooka. Tukapiga magoti. Akaacha mchi ndani ya kinu. Kaka akaeleza yote, na pale alipokwama nikaendelea mimi. Habari za hadubini hakuzijali. Habari za papasi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo ambalo nusu yake alikuwa nayo. Tulipomaliza akauliza, "Na yeye alikwisha jua?"

Nikasema hapana. Ulikufa hujajua.

Nilidhani atasema amekusamehe, au atasema hasamehi. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote. Yeye akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa mikono yake, akasema, "Basi dada alikufa akiniogopa."

Mama, mimi sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka yote niliona hasira tu. Kumbe uliposema asikanyage ua huu ulikuwa mgonjwa unayetetemeka, unamwogopa mtu aliyekuwa akikupaka mafuta mgongoni. Na mimi nilikaa pembeni yako nikakuitikia ndiyo, ndiyo, badala ya kukwambia, Mama, ni Matika, usiogope. Elimu ya papasi sikuwa nayo, lakini neno hilo halikuhitaji hadubini.

Tulirudi naye. Alipoingia hakutazama jiko wala mitungi, alikwenda moja kwa moja chumbani mwako. Akaishika nguzo pale palipolainika. Nikamwambia kwa uoga kwamba hapo ulijishikilia ukituzaa sisi. Akasema anajua, kwani na yeye alijishikilia hapo hapo, kule Hombolo, na wewe ulimshika kiuno kutwa na usiku. Mtoto wa kike, aliishi mpaka asubuhi. Wewe ndiye uliyemwosha na kumzika, kwa sababu yeye hakuweza kusimama. Hukuwahi kutuambia. Nilidhani naichoma nguzo ya mama yangu, kumbe ilikuwa ya watu wawili.

Nikasema basi tusiichome. Nitaimwagia maji ya moto, nitaziba nyufa, tutafuga kuku mbali. Nilikuwa nasema ovyo. Mama Mdogo akatikisa kichwa. Akasema vifaranga hawali kumbukumbu. Akamwambia Kaka, "Ing'oe, baba."

Paa lilishikiliwa na nguzo mpya, ya mti wa kawaida tu, ikiliwa na mchwa tutaibadilisha. Kaka aliing'oa yako akilia waziwazi, mwanamume mzima mwenye ndevu. Tuliichomea uani pamoja na mabaki ya kichanja, mchana kweupe, hatukujificha. Mpingo hauwaki upesi. Uliwaka kutwa nzima, na papasi wakipasuka ndani yake tulisikia. Mama Mdogo alikaa karibu na moto kuliko mtu yeyote, anausukumizia magogo kwa kijiti, anazungumza chini chini. Hakuzungumza nasi. Sikusogea kusikiliza.

Asubuhi yake majivu yalipopoa alichukua kigae. Alinitazama kwanza. Alikuwa anangoja, Mama, mtu mzima yule, anangoja ruhusa ya binti yako kuinama na majivu ndani ya ua wako. Nikamfungulia mlango wa banda. Banda jipya ni la udongo mtupu, kuta zimesiribwa hazina ufa, ndani kuna majike wa Kaka na vifaranga wao. Akamwaga majivu pembeni kwenye kishimo alichokichimba kwa mkono. Kuku jike akaja akayapekua, akajilaza ndani yake, akajirushia mabawani huku amefumba macho kwa raha. Mama Mdogo akanitazama. Akasema, "Unaona, walikuwa wanawashwa."

Nguzo yako nimeichoma, sitasema sikuichoma. Lakini haijatoka nyumbani. Iko bandani, na majivu yakipungua huwa anaongeza kutoka kwenye mtungi ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuugusa. Waya wako wa shaba bado sijauvaa. Kila nikiutazama naona vile vya kwenye kioo. Labda baadaye.

Uji umeiva, ananiita. Ananiita kwa lile jina la utotoni ulilolizuia nilipobatizwa. Mama, nakuaga. Lala, wala usigeukie ukuta. Ahadi zangu kwako zilikuwa mbili na zote nimezivunja, kwa hiyo sijui kama hii utaipokea, lakini ninayo moja tu ya kukupa. Nitamtunza hapa mpaka mwisho wake. Na siku yake ikifika, sitakubali arudishwe Kibaigwa. Nitamlaza hapo ubavuni kwako, nyote wawili mkielekea upande mmoja kama mlivyokuwa mkilala Hombolo.

Umsogezee nafasi, Mama.

Mwanao,
Sechelela